Baba Alipofunga Barabara Porto

Baba yangu alisimamisha harusi ya watu katikati ya mji wa Porto, Ureno, kwa skafu mbili za mashabiki wa mpira alizozifunga fundo.

Hakuwa amelewa. Hakuwa amechanganyikiwa. Alikuwa mzee mwenye heshima zake, shati limepigwa pasi, na alikuwa anadai vodka.

Madereva walipiga honi. Wareno walichungulia madirishani. Na mimi, mtu ambaye nyumbani naambiwa niongeze sauti hata ninapoomba chumvi, siku hiyo nilipiga kelele mpaka koo likauma.

Niacheni nisimulie taratibu. Nikikimbia, hasira itanirukisha mambo.

Naitwa Renata. Nashona mapazia na kuvisha makochi vitambaa vipya, kazi niliyojifunza mwenyewe kwa kufumua makochi mabovu na kuyarudishia. Kwetu ni kijijini, kusini mwa Poland, kwenye milima. Mama alishafariki. Yupo Baba, mzee Zenon, na watoto wake watatu: kaka yangu Radek, mimi, na mdogo wetu Kinga.

Kinga ndiye aliyekuwa kidonda.

Miaka mitatu kabla ya safari hii, Kinga alivunja harusi yake zikiwa zimebaki siku mbili. Nguruwe ameshachinjwa, ukumbi umeshapambwa. Alimwambia mchumba wake, "Samahani, siwezi," akapanda basi, huyo.

Aliyepita nyumba kwa nyumba kuwaambia watu wasije ni Baba. Kofia mkononi. Kila mlango anasema maneno yaleyale, kila mlango anatazamwa kwa huruma. Aliporudi alikaa jikoni bila kuvua viatu, akasema:

"Jina lake lisitajwe tena humu ndani."

Halikutajwa.

Kinga alihamia Porto, akapata kazi hotelini. Akipiga simu, Baba anatoka kwenda kupasua kuni. Banda limejaa kuni mpaka dari, yeye anapasua tu.

Mimi nilikuwa nataka kitu kimoja maishani. Baba na Kinga waketi meza moja kabla mzee hajazikwa. Basi.

Ndipo wifi yangu Mirka, mke wa Radek, akaja na habari zake.

"Twende Porto, familia nzima. Likizo."

Nikashangaa Baba alivyokubali. Lakini mzee alichomelea vyuma vya madaraja maisha yake yote, na lile daraja la chuma la Porto alikuwa akiliona kwenye kalenda tu. Akatoa sharti.

"Nakwenda kuona daraja. Atakayenipeleka kwa mtu, nageuza hapohapo naenda uwanja wa ndege. Kwa miguu."

"Sawa, Baba," tukajibu wote.

Mimi nilijibu huku nimeshapanga langu. Jumamosi mchana nimtoe Baba kimyakimya, nimfikishe mlangoni kwa Kinga, nibonyeze kengele, lolote liwe. Nikamwandikia Kinga. Akajibu:

"Jumamosi siwezi, dada. Siku nyingine."

Nikamuuliza kwa nini. Kimya.

Hapo hasira ya kwanza ikaniingia. Mzee anavuka bara zima, wewe unaniambia huwezi?

Hasira ya pili alinipa Mirka. Alimwalika na mzee Edek, jirani yetu.

"Edek wa nini kwenye safari ya familia?" nikamuuliza.

"Baba apate mtu wa rika lake."

"Ana rika lake kijijini kila siku."

"Wifi, tiketi imeshakatwa."

Mimi si mtu wa kuhukumu haraka. Nikasema huenda ana nia njema.

Uwanja wa ndege Mirka akatugawia skafu za timu ya taifa, nyekundu na nyeupe, za sufu. Mwezi wa Juni!

"Msipotee," akasema.

Sisi wengine tuliziweka mfukoni. Edek na Baba walizivaa shingoni safari nzima, jasho linawatoka, hawataki kusikia.

Ijumaa tulitembezwa kama mbuzi wa mnadani. Mirka mbele, mwavuli juu, simu sikioni. Kanisa, haya tumeona. Stesheni yenye vigae vya bluu, haya tumeona. Mnara, piga picha, twende.

Tukafika darajani.

Baba alivua kofia. Akaweka kiganja kwenye chuma, akakipitisha polepole kwenye vichwa vya ribiti, zile pini nene zinazounganisha vyuma, kama daktari anayemgusa mtoto tumbo.

"Edek, ona. Hapa hakuna kuchomelea. Kila kimoja kilipigwa kwa nyundo, cha moto."

"Mikono ya watu hao, Zenon!"

"Baba, tuondoke," Mirka akasema, anatazama nyuma yake. "Tumechelewa."

"Tumechelewa wapi?" nikauliza.

"Chakula."

"Mirka, mzee alikuja kwa ajili ya daraja. Mwache aliangalie!"

"Ameshaliangalia."

Akamshika Baba mkono, akamvuta kama mtoto aliyegoma dukani. Baba hakubisha. Alivaa kofia yake na kufuata, akigeuka nyuma kila mara. Nilitamani niuchukue ule mwavuli niuvunje gotini.

Mezani tuliletewa chewa wa chumvi, kwa maana Porto hukwepi chewa.

"Samaki huyu," Edek akasema, "hata baharini alikuwa na kiu."

Watu wakacheka. Mimi sikucheka. Nilikuwa namtazama Mirka akiandika ujumbe chini ya meza, anauficha kwa kiganja. Nikamtazama Radek. Radek akatazama sahani.

Jumamosi asubuhi nilimkamata Mirka kwenye korido ya hoteli.

"Wifi, leo mchana nipe Baba kidogo tu."

"Umpeleke wapi?"

"Unajua wapi."

Akatikisa kichwa. "Haiwezekani. Kuna mtaa tunakwenda kuutazama."

"Mtaa gani?"

"Mtaa mzuri. Una vigae."

"Mji mzima una vigae, Mirka!"

"Huu una vya pekee. Na Baba lazima awepo."

"Yaani vigae ni bora kuliko mtoto wake?"

Radek alikuwa ameinama anafunga kamba za viatu, zimeshafungika lakini anaendelea tu kuzifunga.

"Kaka, sema kitu."

"Msikilize Mirka."

"Hivi wewe ulioa au uliolewa?"

Masikio yalimwiva tu.

Nikampigia Kinga. Simu imezimwa. Nikakaa kitandani, nikaona safari yote imeharibika. Kesho yake tunarudi nyumbani. Baba angerudi kwenye kuni zake, na sidhani kama angepanda ndege tena maishani.

Basi tukaenda huko kwenye mtaa.

Mtaa wenyewe ulikuwa mwembamba, wenye mlima mkali, gari moja tu ndilo linapita. Nguo zimeanikwa juu. Vigae vilikuwepo, nusu vimebanduka. Mirka akatukalisha kwenye ngazi za nyumba ya watu.

Tukakaa. Tukakaa tena.

"Tunatazama nini hapa?" nikauliza.

"Tulia, wifi."

"Nimetulia tangu Poland! Tunatazama soksi za watu?"

"Zile za bluu ni nzuri," Edek akasema, anazionyesha kwa kidole. Alidhani anasaidia.

Mirka alikuwa anatazama simu, anatazama chini ya mtaa, anatazama simu. Nilishuku ana mwanaume. Kweli kabisa, nilifika huko.

Ndipo zikasikika honi kutoka chini. Si honi za ugomvi. Zile za furaha, mfululizo.

Baba aliinua kichwa. Edek naye akainua kichwa.

Sasa hapa lazima niwaambie jambo. Kwetu msafara wa harusi haupiti bure. Wanaume wa kijiji wanafunga barabara, tunaita geti. Maharusi wanashuka na chupa ya vodka, wanalipa, wanatakiwa heri, wanapita. Harusi isiyowekewa geti ni kama harusi ya watu wasio na majirani. Na aliyefunga geti haondoki akaliacha. Akiondoka kabla maharusi hawajapita, amewatia nuksi, na kijiji kitamkumbusha mpaka kaburini.

Baba na Edek ndio mabingwa. Hao wawili wameshafunga barabara kwa ngazi, kwa meza ya jikoni, na mara moja kwa Edek mwenyewe, aliyelala katikati ya njia amevaa gauni la mkewe.

"Zenon," Edek akasema, "ile ni harusi."

"Nasikia."

"Tuko ugenini, lakini."

"Harusi ni harusi. Lete skafu."

Nikasimama. "Baba! Hapa si kwetu! Wataita polisi!"

"Waite. Watakunywa nao."

Wazee wale waliruka zile ngazi kama vijana. Skafu kwa skafu, fundo. Upande mmoja kwenye nondo za dirisha, upande wa pili mkononi mwa Baba. Edek katikati, mikono imetanuliwa, kifua mbele.

Gari jeupe lenye maua likafunga breki.

Dereva alitoa kichwa akaanza kufoka. Kireno sikijui, lakini matusi yana sauti yake. Magari ya nyuma yakaunga mkono kwa honi. Juu dirishani mama mmoja mwenye rola kichwani alikuwa anacheka mpaka anashika mbavu.

"Vodka!" Baba akapaza sauti. "Hakuna vodka, hakuna njia!"

Nikamgeukia Mirka nikitegemea atazuia. Alikuwa anapiga video.

"Zuia basi! Umetuleta huku ututie aibu?"

Mlango wa nyuma wa gari ukafunguliwa.

Kitu cha kwanza nilichoona ni chupa. Chupa ya vodka ya kwetu, ya Poland, imefungwa utepe mwekundu shingoni, imeshikwa kwa mkono wenye glovu nyeupe.

Akili yangu ilifika pale kabla ya macho. Porto nzima, nani anapanda gari la harusi na vodka ya Kipolandi mkononi? Nani huku anafunga barabara? Hakuna. Chupa ile anaibeba mtu anayejua kwamba barabara itafungwa.

Nikainua macho mpaka usoni kwa bibi harusi.

Kinga.

"Yesu na Maria," Edek akasema, na mikono yake ikashuka.

Baba alikuwa bado hajashusha wake. Nilimwona akitambua. Uso ulipauka, halafu ukawa mwekundu, halafu ukafungwa kabisa kama duka. Mguu wake wa kulia ukageuka. Naujua mguu huo. Ndio unaomtoa jikoni simu ikilia.

Lakini mkono ulibaki kwenye skafu. Mguu unataka kuondoka, mkono haukubali.

"Baba," Kinga akasema.

Upande wa pili wa gari akatoka kijana mrefu, mwembamba, masikio makubwa, suti inambana. Akasema kwa Kipolandi kibovu, alichokariri bila shaka wiki nzima:

"Shikamoo, baba. Mimi ni Duarte."

Baba alimtazama kuanzia viatu mpaka nywele.

"Huyu ndiye?" akauliza. Aliuliza hewa, si Kinga. Lakini yalikuwa maneno yake ya kwanza kwa binti yake tangu siku ile ya basi.

"Ndiye, Baba."

"Na huyu hutamkimbia?"

"Huyu hapana."

"Yule ulimkimbia!" Sauti ya Baba ilipasuka, ikagonga kuta za mtaa ule mwembamba. "Sikukulazimisha umpende! Ungeniambia mimi! Ungekaa! Wewe ulipanda basi, mimi nikabaki na kofia mkononi. Kila mlango, Kinga. Kila mlango!"

"Najua, Baba."

"Hujui! Hata mke wa Edek alinipa chai. Unajua maana ya kupewa chai kwa huruma?"

Kinga alikuwa analia, wanja unamtiririka. Madereva waliacha honi. Yule mama wa dirishani aliacha kucheka. Hawakujua neno hata moja, ila walielewa.

Kinga akanyoosha chupa. "Pokea, Baba. Tafadhali. Tupite."

Baba aliitazama.

"Sipokei."

Jamani, hapo nilipasuka.

"Baba, utakufa na hasira yako!" nikapiga kelele. "Utazikwa nayo, na sisi tutabaki kuifagia! Na wewe Kinga, unaolewa mimi sijui? Mimi? Niliyekuwa nakutumia kwa siri picha za mzee kila Krismasi? Radek, umekaa kimya kama gunia la viazi! Na wewe Mirka ni nyoka, nyoka kabisa, unanitembeza siku mbili na mwavuli wako kumbe..."

"Renata," Baba akasema. "Nyamaza. Hujanielewa."

Akaisukuma ile chupa, polepole, irudi kwenye kifua cha Kinga.

"Chupa ya geti wanapewa watu baki. Mimi si mtu baki. Mpe Edek."

Edek aliidaka kabla sentensi haijaisha.

Kinga akapiga magoti hapohapo, kwenye mawe, na gauni lake jeupe. Kwetu mzazi huwabariki maharusi nyumbani kabla ya kwenda kanisani, wakiwa wamepiga magoti. Duarte hakujua kinachoendelea, lakini alimwona mwenzake chini, naye akashuka. Suruali yake ililia kwenye mshono.

Baba akawachora ishara ya msalaba kwenye paji la uso, mmoja baada ya mwingine, kwa mkono mmoja. Mkono wa pili bado umeshika geti.

Halafu akajaribu kufungua fundo. Fundo lilikuwa limekaza. Nikamwondoa pembeni, nikalifungua mimi. Ni kazi yangu, mafundo. Nililifungua nikiwa nimefura kwa hasira, machozi yananidondoka juu ya sufu, sijui yapi ya furaha na yapi ya kuonewa.

Baba aliingia kwenye gari la maharusi. Sisi tukapanda mlima kwa miguu mpaka kanisani.

Ukumbini, baada ya supu, nilimfuata Mirka alikokuwa amejibanza karibu na jiko.

"Kwa nini hamkuniambia?"

"Uso wako, wifi. Hauwezi kuficha kitu. Baba angekusoma kabla ndege haijaruka, na asingepanda."

"Kwa hiyo Kinga alikubali mimi nisijue?"

"Alilia. Lakini alikubali."

"Na pale darajani? Mlimnyimaje mzee hata daraja lake?"

"Kinga anakaa mtaa wa nyuma ya lile daraja. Ijumaa ile alikuwa anapita pale na gauni begani. Nilimwona anakuja. Ningefanyaje?"

"Na ulijuaje Baba atafunga barabara? Angekaa tu kwenye ngazi?"

Mirka akacheka kwa uchovu. "Renata, nimekaa na baba mkwe wangu nyumba moja. Anaweza kumkimbia mtu yeyote duniani. Geti alilofunga mwenyewe hawezi kulikimbia. Ndiyo maana nilimleta Edek. Geti moja, wazee wawili."

Alikuwa amesema kweli. Hilo nalo liliniudhi.

"Nimekuja kwenye harusi ya mdogo wangu na viatu vya kupandia milima," nikasema, "na koti la mvua."

"Nilikuletea gauni. Liko hotelini, kwenye begi langu."

"Na hukunipa!"

"Ungeuliza la nini."

Nyuma yetu Baba alikuwa anamfundisha Duarte kunywa bila kukunja uso. Duarte anakunja uso. Baba anamjazia tena. Kinga amekaa katikati yao, ameegemea bega la mzee, na mzee anajifanya hajaona.

Meza moja. Kile kitu kimoja nilichokitaka maishani kilikuwa mbele ya macho yangu, na mimi nimenuna.

Nilichojifunza ni hiki. Miaka mitatu tulimhubiria Baba. Tulimletea padri, tulimletea shangazi, mimi nilimletea machozi. Kila neno alikuwa na jibu lake. Mirka hakumwambia neno. Alimweka mahali ambapo mikono yake ilijua cha kufanya, na mikono ikamtangulia moyo. Kama una mzee wa namna hii nyumbani, punguza maneno. Mtafutie kazi anayoipenda, umweke ndani yake yule mtu anayemkwepa.

Ila na hili mlichukue. Ukipanga jambo jema nyuma ya mgongo wa mtu anayelitaka kuliko ninyi nyote, usisubiri akushukuru. Mirka alifanya vizuri. Namwambia hivyo kila tukikutana. Na kila tukikutana namwambia pia kwamba bado sijamsamehe, na anakubali kwamba nina haki.

Picha za harusi zimetoka. Baba anacheka karibu zote. Mimi nimefura zote, na koti langu la mvua la njano.

Kinga alitaka kunirekebisha kwa kompyuta, koti na uso. Nikamwambia aniache hivyohivyo. Nilikuwepo, na nilikuwa na hasira.